Namibia kwa usukani: upepo wa tairi, changarawe, na kilomita ngapi kwa siku

Swali: Julai ijayo mimi, mume wangu, mdogo wangu wa kiume na mkewe tunakwenda Namibia kwa siku 12. Tutatua Windhoek, tutakodi gari, tutaenda kwenye vilima vya mchanga vya Sossusvlei, kisha Swakopmund na hifadhi ya Etosha, halafu turudi Windhoek. Mume wangu ameendesha sana Dar–Arusha, anasema gari dogo linatosha na kilomita 600 kwa siku si kitu. Mdogo wangu anasema bila 4x4 tusithubutu. Nani yuko sahihi? Na ni mambo gani hasa huwaharibia watu safari hiyo?

Jibu: Dada, kuhusu gari mdogo wako yuko karibu na ukweli, ingawa sababu huenda si ile anayoifikiria. Kuhusu kilomita, shemeji amekosea, na kosa hilo ni zito kuliko la gari. Nianze na hilo.

Kutoka Dar hadi Arusha ni lami mwanzo hadi mwisho. Kinachowachelewesha ni vijiji, vibao vya 50 na malori. Namibia ni kinyume chake: barabara tupu, hakuna tuta, hakuna kijiji kwa saa nzima, ila sehemu kubwa ya njia yenu ni changarawe. Nchi ina kilomita za mraba karibu 825,000 na watu milioni 3 tu. Tanzania, iliyoizidi ukubwa kidogo, sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Utupu huo humfanya dereva ajisahau. Juu ya changarawe, ukijumlisha kusimama kupiga picha, kufungua na kufunga mageti, kunywa maji na kukagua tairi, wastani wa kweli ni kilomita 55 hadi 60 kwa saa. Kilomita 600 ni saa kumi au zaidi za kushika usukani, na mwanga wa Julai hautoshi.

Saa za Namibia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Julai, Windhoek jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 12 na dakika 20 jioni. Mna saa zisizofika 11 za mwanga, na giza likiingia safari inatakiwa iwe imekwisha. Tandala dume ana uzito wa zaidi ya kilo 200 na miguu mirefu. Akigongwa, mwili wake hauendi chini ya gari bali huja juu ya boneti hadi kwenye kioo. Jioni wanyama husogea barabarani kula majani ya pembezoni, na ngiri huchimba kwenye bega la barabara kiasi kwamba humwoni mpaka amekatiza. Ndiyo maana mikataba mingi ya kukodi inakataza kuendesha nje ya miji baada ya jua kuzama, na bima haiwalipi mkivunja sharti hilo. Wekeni kanuni ya nyumbani: siku ya changarawe isizidi kilomita 350, na saa 10 jioni muwe mmefika.

Kwa kanuni hiyo, njia yenu inakaa hivi. Windhoek hadi Sesriem, ambako ndiko lango la Sossusvlei, ni takriban kilomita 330. Laleni huko usiku mbili au tatu. Sesriem hadi Swakopmund kupitia Solitaire na bonde la Kuiseb ni kama 350, laleni mbili. Swakopmund hadi Twyfelfontein ni kama 330, na mna nafasi ya kupita Spitzkoppe, majabali ya graniti yanayopanda hadi mita 1,728 katikati ya uwanda mtupu. Twyfelfontein hadi Okaukuejo ndani ya Etosha ni kama 340, lakini kuanzia Khorixas kwenda Outjo na hadi langoni ni lami, hivyo siku hiyo ni nyepesi kuliko idadi yake. Ndani ya Etosha, Okaukuejo hadi Namutoni ni kama 140, na wekeni usiku tatu humo. Mwisho Namutoni hadi Windhoek, kama 530, lami tupu, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo shemeji anaweza kuendesha kwa mtindo wake wa Dar–Arusha, mradi mwondoke mapema. Zinabaki siku mbili za Windhoek, mwanzo na mwisho. Nyanda za kusini na Fish River Canyon ziacheni kwa safari nyingine.

Sasa gari. Julai ni kiangazi, mito imekauka, na kwa njia hii hakuna mahali ambapo bila 4x4 mtakwama kabisa isipokuwa kilomita 5 za mwisho za kuingia Sossusvlei, na hapo kuna magari ya kubeba wageni kwa malipo. Kwa hiyo kama hesabu ni kufika tu, gari dogo linafika. Tatizo lake ni tairi. Tairi za gari dogo zina ubavu mfupi. Jiwe kali la changarawe likibana tairi na rimu, ubavu hukatika, na ubavu ukikatika hauzibwi. Gari hilo pia huja na tairi moja tu la akiba, mara nyingine lile jembamba la dharura ambalo halifai hata kilomita kumi za changarawe. Na chini limekaa karibu na ardhi, sasa katikati ya barabara zisizochongwa karibuni kuna tuta la mawe linalokwangua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kwa watu wazima wanne nashauri dabo kabini ya 4x4 ya dizeli, yenye tairi mbili kamili za akiba, isiyo na mahema juu ya paa. Mahema mawili juu yana uzito wa kilo 100 au zaidi, na uzito ulio juu ndio unaopindua gari linapoyumba. Tena Julai usiku wa jangwani baridi hukaribia nyuzi sifuri. Mkitaka kabisa kulala kwenye mahema, chukueni ya kutandika chini, na magodoro na mablanketi mazito yaende nyuma chini ya kanopi. Mizigo mizito, yaani maji, madumu na chakula, ikae chini na mbele karibu na kabini, ifungwe kwa mikanda. Sanduku la vyombo lisilofungwa huvunja vioo vya kanopi siku ya kwanza tu kwenye rafu rodi.

Mkikabidhiwa gari, jitengeeni saa moja nzima na msikubali kuharakishwa. Angalieni tairi zote sita, pamoja na zile za akiba: saizi iwe moja, na tarehe isomeke. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu; mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye zaidi ya miaka mitano au lililokatika ubavuni, ombeni libadilishwe hapo hapo. Tairi la akiba lililoning'inia chini ya gari lishusheni kweli na kulirudisha: mnyororo wake hushika kutu na vumbi, na msipojaribu mtaligundua hilo mkiwa peke yenu barabarani. Jeki ifike chini ya ekseli na kupandisha gurudumu. Spana ya nati ienee nati za gari hilo. Ulizeni kama kuna nati ya kufuli, na ufunguo wake uko wapi. Dai geji ya upepo na kompresa ya kuchomeka kwenye betri. Bila hizo mbili ushauri wote unaofuata hauna kazi. Waombe pia ubao wa kuweka chini ya jeki, kamba ya kuvutia na koleo. Kisha pigeni picha na video ya gari zima, pamoja na kioo cha mbele kwa karibu, rimu, na uvungu.

Upepo wa tairi ndio moyo wa jambo lote. Kwa lami, gari likiwa na mzigo, fuateni kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa dabo kabini nyingi ni kati ya 32 na 36 psi, kipimo cha upepo mnachokisoma kwenye geji, nyuma zaidi ya mbele. Mkiingia changarawe ndefu, shusheni hadi 26 au 28. Tairi lenye upepo mwingi ni gumu: halimezi jiwe, jiwe linalitoboa, na linadunda juu ya vimatuta vya barabara, hivyo muda mwingi haligusi ardhi vizuri. Likilegea kidogo linakumbatia jiwe na kushika njia. Lakini msishuke chini ya 24 mkiwa na mwendo, kwa sababu ubavu unaojikunja mara nyingi hupata joto, joto linaachanisha nyuzi za ndani, na tairi linapasuka. Kama mwenye gari amewapa namba zake kwa maandishi, shikeni zake, maana ndizo bima yake inazitambua.

Pimeni asubuhi tairi zikiwa baridi. Tairi likishakimbia saa moja upepo wake hupanda kwa psi 3 hadi 5, na wengi hushtuka wakapunguza. Asubuhi ya pili wanakuta limelegea mno. Kila mkisimama, mmoja wenu azunguke gari na kugusa kila tairi kwa kiganja. Lililo na joto kuliko wenzake linavuja, na pancha inayovuja polepole ikigunduliwa mapema inazibwa mjini kwa pesa kidogo. Isipogunduliwa, tairi linakimbia likiwa limelala hadi ubavu unasagika, na hapo mnanunua jipya.

Barabara za Namibia zina herufi. B ni lami kuu. C nyingi ni changarawe pana, chache zina lami. D ni za wilaya, nyembamba zaidi, nyingine nzuri kuliko C na nyingine mbaya sana. Ramani ya simu huwa inawachagulia D kwa sababu inaona kilomita zimepungua 20. Msiifuate kabla ya kuuliza mnapolala, kwani wenyeji wanajua ipi imechongwa wiki hii. Pakueni ramani za kutumia bila mtandao, maana mawimbi ya simu hukatika kwa masafa marefu.

Kisheria mwendo kwenye changarawe ni 100, lakini mikataba mingi inaweka 80, na magari mengi yana kifaa kinachorekodi mwendo. Themanini ndiyo iwe ukomo wenu, 60 kwenye kona na milima. Sababu ni hii. Barabara ya changarawe iliyochongwa ina tabaka gumu katikati na kokoto zilizolegea pembeni, kama punje za mahindi zilizomwagwa juu ya sakafu ya saruji. Dereva anakwenda 100, gari limetulia, muziki unalia. Linajisogeza kushoto kidogo, magurudumu ya upande mmoja yanaingia kwenye kokoto, mkia unateleza. Anashtuka, anakata usukani kulia na kukanyaga breki kwa pamoja. Magurudumu yanashika ghafla tabaka gumu, gari linatupwa upande wa pili, linapinduka. Hakuna gari jingine lililohusika, wala tairi halikupasuka kwanza. Ajali nyingi za wageni Namibia ziko hivi hivi, na mnyama au pancha mara nyingi huwa ni mwanzo tu wa kukata usukani.

Kwa hiyo shemeji na mdogo wako wajifunze jambo moja kabla ya mengine yote: gari likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usiguse breki, shika usukani kuelekea unakotaka kwenda kwa mikono miwili bila kukata, na ngoja. Mwendo ukishuka chini ya 50 gari hurudi lenyewe. Ngiri akikatiza, punguza ukiwa kwenye mstari wako. Kumkwepa kwa kukata usukani ni hatari kuliko kumgonga. Kwenye changarawe tumieni 4H, ile ya mwendo wa kawaida, siku nzima. Inasaidia mkia usiteleze. Mkirudi kwenye lami itoeni, kwa sababu kwenye gari la aina hii ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, na lami isiyoteleza huzifanya zishindane mpaka difu iumie.

Kuna vimatuta vidogo vilivyopangana ambavyo huitikisa gari mpaka meno yanagongana. Mtaambiwa kwamba ukifika 90 mtikisiko unaisha, na ni kweli unaisha, kwa sababu tairi zinaruka juu ya ncha za vimatuta na hazishuki kwenye mabonde yake. Maana yake mna nusu ya breki na nusu ya usukani. Vumilieni mtikisiko kwa 50 au 60.

Gari likija mbele na wingu la vumbi, punguza hadi 50, sogea kushoto, na tazama zaidi ya vumbi: mara nyingi kuna gari la pili ndani yake. Kupunguza pia kunaokoa kioo, kwani nguvu ya jiwe linalorushwa inategemea mwendo wenu na wake kwa pamoja. Taa ziwake mchana kutwa. Kwenye mgongo wa kilima ambako huoni mbele, baki kushoto kabisa hata kama hujaona gari tangu asubuhi. Na msilipite lori ndani ya vumbi lake. Simameni dakika kumi, mnywe chai ya chupa, mliache liende.

Pancha ikitokea, tafuteni sehemu tambarare na ngumu, hata kama ni kusogea mita mia moja kwa mwendo wa kutembea. Pembetatu ya kuakisi iwekwe hatua 50 nyuma. Gia ndani, breki ya mkono, mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Legezeni nati nusu mzunguko kabla ya kupandisha. Ubao chini ya jeki, jeki chini ya ekseli, na tairi la akiba lilazwe chini ya chasisi mpaka dakika ya kubadilisha, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi na si mkono wa mtu. Nati zikazwe kwa kuvukana, gari lishushwe, zikazwe tena. Baada ya kilomita 50 simameni mzikaze mara ya tatu. Changarawe hulegeza nati zilizofungwa upya. Na msiendelee na safari ya siku inayofuata kabla ya kuziba lile bovu, hata kama mna la pili la akiba.

Sossusvlei yenyewe iko kilomita 65 kutoka lango la Sesriem: 60 za lami, halafu maegesho, halafu mchanga mzito. Wanaolala ndani ya lango wanafunguliwa saa moja kabla ya jua kuchomoza. Wanaolala nje wanangoja jua lichomoze. Saa hiyo moja ina thamani kuliko chumba kizuri. Kilima kiitwacho Dune 45, kwa kuwa kiko kilomita 45 kutoka langoni, kikipigwa na jua la kwanza kinagawanyika, upande mmoja mwekundu na upande mwingine mweusi kabisa, na ndani ya nusu saa rangi imekwisha kupauka. Kisha endeleeni hadi Deadvlei, uwanda wa udongo mweupe wenye migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita na kukauka bila kuoza kwa sababu hewa haina unyevu. Msiitie mikono wala kuikalia.

Kwa kilomita zile 5 za mchanga, simameni kwenye maegesho ya lami. Shusheni tairi zote nne hadi 15 au 16 psi. Wekeni 4H, au gia za lo, zile za nguvu na mwendo mdogo, mchanga ukiwa mzito, na muingie kwa gia ya pili kwa mwendo usiobadilika, bila kukata usukani kwa nguvu, maana tairi lililolegea huchomoka kwenye rimu. Mkitaka kusimama, achieni mafuta gari lisimame lenyewe. Breki hujenga ukuta wa mchanga mbele ya kila gurudumu. Gari likigoma kwenda, toeni mguu mara hiyo hiyo. Kila mzunguko wa gurudumu unaozunguka bure unachimba kaburi, na klachi ikiungua bima hailipi. Chimbeni mchanga mbele na nyuma ya magurudumu yote manne, rudini nyuma kwa alama zenu wenyewe mita kadhaa, kisha mwende mbele tena. Ikishindikana shusheni hadi 12. Mkitoka, jazeni upepo kabla hamjagusa lami. Kukimbia kilomita 60 za lami kwa psi 15 kunaua tairi zote nne kwa mpigo, na hilo hutokea kila msimu kwa sababu watu wana njaa na hawataki kungoja kompresa dakika 20. Kama hakuna kati yenu aliyewahi kuendesha mchanga, lipeni gari la wageni na mlifurahie.

Njiani kwenda pwani simameni Solitaire: mafuta, mabaki ya magari ya zamani yaliyozikwa nusu mchangani, na pai ya tofaa inayojulikana nchi nzima. Kisha mtavuka alama ya Tropiki ya Kaprikoni na kushuka mabonde ya Gaub na Kuiseb. Shukeni kwa gia ya pili, breki ziguswe kidogo tu.

Pwani ina hatari zake. Mkondo baridi wa Benguela huleta ukungu unaoingia mbali ndani ya jangwa asubuhi, na kaskazini ya Swakopmund kuna vipande vya barabara ya chumvi: udongo wa jasi ulioshindiliwa kwa maji ya chumvi. Ikikauka inafanana na lami. Ikilowa ukungu inateleza kama imepakwa sabuni, na macho hayaoni tofauti. Asubuhi ya ukungu msizidi 50 humo. Miezi hii ya baridi pia huvuma upepo wa mashariki, mkavu na wa joto, unaobeba mchanga. Ndani ya saa moja unaweza kufifisha kioo cha mbele na kula rangi ya gari, na bima nyingi hazigusi uharibifu wa mchanga. Ukianza, msiende. Egesheni nyuma ya jengo, au mgeuze mgongo wa gari kuelekea upepo, mfunike kioo kwa blanketi. Malipo ya haya yote ni chaza wa Walvis Bay, heroe kwenye ziwa la chumvi, na sili wa Cape Cross, maelfu kwa maelfu, ambao harufu yao mtaipata kabla hamjawaona.

Twyfelfontein ina michoro zaidi ya 2,000 iliyochongwa kwenye miamba, na imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2007. Fikeni jioni jua likiwa upande, mistari inaonekana vizuri zaidi.

Etosha ni pumziko la dereva. Mwendo mwisho 60, na mageti hufungwa jua likizama bila msamaha. Hamtoki garini isipokuwa kwenye vyoo vilivyozungushiwa uzio na ndani ya kambi. Julai maji yamebaki kwenye madimbwi machache, hivyo kuzunguka kutafuta wanyama ni kupoteza dizeli. Chagueni dimbwi moja, zimeni injini, kaeni saa mbili. Usiku nendeni kwenye dimbwi la Okaukuejo lililowashwa taa ndani ya kambi, mmejifunika mablanketi, mkae kimya. Faru weusi huja kunywa, mara nyingi baada ya saa tatu usiku, wakati wageni wengi wameshalala. Kwetu kumwona faru mweusi kwa karibu hivyo bila haraka ni jambo la nadra mno, na ningewaomba msilale mapema hata usiku mmoja.

Bima isomeni kabla ya kulipa. Kila mkataba una kiasi ambacho mteja anabeba mwenyewe kabla bima haijalipa, na huwa ni kikubwa; lipeni nyongeza ya kukiondoa au kukipunguza, na mhakikishe imeandikwa kwamba inahusu tairi, rimu, kioo, na ajali ya gari kupinduka lenyewe. Hizo nne ndizo mnazozihitaji, na ndizo zinazoachwa nje kwenye bima ya bei rahisi. Maji, uvungu, klachi na mchanga huachwa nje karibu kila mahali. Dereva wote wawili waandikwe majina. Dhamana huzuiwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu. Kadi zetu nyingi za kutolea pesa hukataliwa dirishani, hivyo zungumzeni na benki mapema. Ajali ikitokea, ripoti ya polisi ni lazima hata kama mmegonga kisiki.

Mengine kwa ufupi. Wanaendesha kushoto, na leseni zetu zinasomeka, ila kibali cha kimataifa cha udereva hupunguza maswali. Mtanzania haombi viza kwa matembezi. Bebeni pasi yenye miezi 6 mbele na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Randi ya Afrika Kusini inatumika sawa kwa sawa na dola ya Namibia. Tangi likifika nusu, jazeni. Vituo vya mbali wakati mwingine havina umeme wa kuendesha mashine za kadi, basi pesa taslimu ziwepo. Maji lita 20 yasiguswe ila kwa dharura. Mjini mtakuta njia panda ambapo pande zote nne zina alama ya kusimama: kila mtu anasimama kabisa, na aliyefika kwanza ndiye anayepita kwanza. Mkifunga gari kwa rimoti Windhoek, vuteni kitasa kwa mkono, kwani kuna wezi wanaozuia mawimbi ya rimoti. Nyama mbichi hairuhusiwi kuvushwa kutoka kaskazini kwenda kusini kwenye vizuizi vya mifugo, kwa ajili ya ugonjwa wa midomo na miguu, imalizeni Etosha.

Na mkiwa Windhoek nendeni Katutura, soko la Single Quarters, mle kapana: nyama ya ng'ombe inayokatwa na kuchomwa mbele yenu, unachovya kwenye pilipili ya unga na kula umesimama. Mkisema mnatoka Tanzania mtapokelewa vizuri. Wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, walikaa kambi ya Kongwa, Dodoma, miaka ya 1960, na wapo wazee waliopita huko.

Oda zenu zifuate mpangilio huu, na mzianze mwezi huu: kwanza kambi ya ndani ya lango la Sesriem, pili Okaukuejo, kwa sababu mbili hizo hujaa miezi kadhaa kabla ya Julai. Zikishathibitishwa ndipo mpange tarehe za Swakopmund na Twyfelfontein kuzifuata. Gari liwe la mwisho, na kabla ya kulipa, mwandikieni mwenye gari maswali matatu, mkitaka majibu kwa maandishi: tairi za akiba ni ngapi na za mwaka gani, kompresa imo au haimo, na upepo anaoutaka yeye kwenye changarawe ni psi ngapi.